Kamba ya Ringelmann, pamba ya Leplae, na kolege yetu wa tano



Kuko swali moja tunaulizana kila mara tukikutana, tangu tulipotoka ku masomo na kuanza kazi: utamufanya nini kolege asiyefanya kazi yake? Muko watano, ripoti inabeba majina matano, lakini jasho ni ya watu wanne. Ukinyamaza, unabeba kazi ya mtu mwingine. Ukisema, unaitwa mchongezi. Na kama ule mtu anakupita miaka, kwetu huku unamwita yaya, na yaya hauwezi kumukaripia mbele ya watu.

Mimi nilisoma agronomia, sikusoma historia. Lakini jibu nililipata mu historia, na kumbe ile historia yenyewe ni ya maagronome wawili. Mmoja Mfaransa, mwingine Mubeljiki. Waliishi wakati mmoja. Wa kwanza alipima uvivu kwa kilo. Wa pili aliuandikia sheria. Sisi wa Congo tulikutana na ule wa pili, na fikiri yake tungali nayo mu vichwa vyetu. Mimi pia nilikuwa nayo, mutaona.

Kwanza niseme shida yetu. Tulikuwa watano mu muradi mmoja wa kilimo upande wa Kabare. Kazi yetu ilikuwa kutembelea mashamba ya majaribio ya mihogo na maharagi, kuhesabu mimea yenye kugonjwa mozaiki, kupima mavuno, na kujaza fishi. Fishi zote zilikusanywa mu bahasha moja, na mwisho wa mwezi ripoti ilitoka na majina yetu yote. Kolege yetu wa tano, ambaye sitamutaja jina, alikuwa anafika saa tano wakati wengine tumefika saa mbili. Anakaa chini ya mti wa avoka na telefone. Tukiuliza, anasema: “Leo mguu unaniuma.” Siku ingine ni mvua. Siku ingine ni kilio. Mimi nilianza kujaza fishi zake, juu sikutaka ripoti itoke na mapengo. Nilifanya vile miezi miwili. Halafu nikaanza kumusema vibaya kwa wengine. Halafu nikamuchukia kabisa.

Njo ile wakati nilikumbuka jina moja tulilolisikia mu somo la mashine za kilimo: Max Ringelmann.

Huyu alizaliwa Paris mwaka 1861, akafa 1931. Alikuwa agronome, profesa wa ujenzi na mashine za kilimo, na alisimamia kituo cha kupimia mashine za mashamba. Swali lake lilikuwa la mkulima: ni nguvu gani inafaa zaidi kuvuta mzigo, ya ng’ombe, ya farasi, ya mtu ao ya mashine? Na kama ni watu, ni heri kuwaweka wangapi? Kati ya miaka 1882 na 1887, ku shule ya kilimo ya Grand-Jouan, magharibi ya Ufaransa, aliwapima watu, na wanafunzi wa kilimo wakiwa ndani yao. Walivuta kamba iliyofungwa ku chombo cha kupima nguvu, mmoja mmoja na kwa kundi. Matokeo aliyatoa kwa maandishi mwaka 1913 tu.

Hesabu aliyotoa ni hii. Tuseme mtu mmoja akiwa peke yake anatoa 100. Wakiwa wawili, kila mmoja anatoa 93. Watatu: 85. Wanne: 77. Watano: 70. Sita: 63. Saba: 56. Wanane: 49. Maana yake, wakifika wanane, kila mmoja anatoa nusu ya nguvu yake.

Sasa mukamate kalamu, muzidishe. Watu saba mara 56 ni 392. Watu wanane mara 49 ni 392. Ule wa nane hakuongeza hata kitu! Amekuja, amekamata kamba, ametoka jasho, atakula pamoja na wengine, na mzigo haukusogea zaidi hata kidogo. Na wote wanane pamoja wanavuta kuliko watu wanne wenye kuvuta kila mtu kivyake? Hapana, hata wanne hawafikii.

Mara ya kwanza kusoma hizi namba nilifurahi, nikasema: ona, hata sayansi inajua juu ya kolege yetu. Lakini nilikuwa nimesoma vibaya. Ringelmann hakusema kwamba kati ya wale wanane kuko mvivu mmoja na wafanyakazi saba. Namba yake ni ya katikati, ya kundi nzima. Haionyeshi mvivu hata mmoja kwa kidole. Na sisi tulikuwa watano, kwa hiyo mstari wetu ni ule wa 70. Sikuwa nimejiuliza mimi nilikuwa natoa ngapi.

Yeye mwenyewe alifikiri sababu kubwa ni kwamba watu hawavuti kwa dakika moja. Mmoja anaanza, mwingine anachelewa, nguvu inapotea katikati. Mtu yeyote aliyesukuma gari lililokwama mu matope ya barabara zetu anajua ile: bila mtu wa kuita “moja, mbili, tatu”, munachoka bule. Lakini Ringelmann aliona pia sababu ingine. Alitaja wafungwa waliokuwa wanazungusha kinu cha kusaga unga mu gereza. Kila mmoja alikuwa anategemea jirani yake ndiye atasukuma, yeye anafuata tu mzunguko wa mkono wa kinu, na mara zingine anajiacha kinu kimubebe. Mikono iko pale, inaonekana inafanya, kumbe inasafiri bure.

Mingi ya miaka ilipita mbele ya mtu kutenganisha hizo sababu mbili. Mwaka 1974, kule Marekani, watafiti walirudilia ile kamba. Waliwafunga watu kitambaa ku macho, wakawaambia kuko wengine nyuma yao wanavuta pia. Kumbe nyuma hakukuwa anayevuta. Hakuna wa kuchelewa, hakuna wa kukosea wakati, mtu anavuta peke yake bila kujua. Na bado nguvu ilishuka. Basi haikuwa tu kazi ya “moja, mbili, tatu”. Kufikiri tu kwamba wengine wako kulitosha.

Mwaka 1979, Bibb Latané na wenzake wawili wakafanya ile ile kwa kupiga makofi na kupiga kelele kwa nguvu zote. Kelele ya kila mtu ilishuka kadiri kundi liliongezeka. Halafu mwaka 1981 wakaongeza kitu kimoja kidogo: wakawaambia watu kwamba sauti ya kila mmoja itapimwa kivyake, hata akiwa mu kundi. Uvivu ukaisha. Hawakuongeza pesa, hawakufukuza mtu. Walifanya tu kila sauti ijulikane ni ya nani.

Hapo nilijisemea nimepata dawa: kila mtu apimwe kivyake, basi. Lakini sisi wa Congo tunayo historia inayojibu: polepole, ile dawa walikwisha kuijaribu kwa babu zenu, na haikuponya.

Agronome wa pili anaitwa Edmond Leplae. Alikuwa profesa wa kilimo Louvain, na kuanzia 1910 aliongoza idara ya kilimo mu Wizara ya Makoloni kule Ubelgiji. Leplae alipenda njia ya Waholanzi waliolazimisha watu wa Java kulima mazao ya kuuzwa Ulaya. Yeye aliamini kwamba mkulima wa Congo hawezi kuongeza kazi bila kulazimishwa, na kwamba kulazimishwa ni namna ya kumufundisha. Mwaka 1917, mu vita vya kwanza, sheria ikatoka: kila mwanaume muzima wa mu kijiji anaweza kulazimishwa kazi ya mashamba mpaka siku 60 mu mwaka. Mwaka 1942, mu vita vya pili, siku zikapandishwa mpaka 120.

Zao lililojulikana zaidi lilikuwa pamba. Na hapa muangalie vizuri namna kazi ilivyopangwa, juu ndani yake kuko somo letu. Haikuwa kamba ya watu wanane. Kila mwanaume alipewa kipande chake, kikapimwa kwa vijiti. Moniteri alipita kuangalia kama kimelimwa, kama kimepandwa kwa mstari, kama kimepaliliwa. Asiyelima alijulikana kwa jina, na malipo yake yalikuwa faini, gereza, na fimbo. Yaani mambo ya 1981 yalikuwa pale tayari: kila mtu anaonekana, hakuna wa kujificha nyuma ya jirani.

Na bado watu walikokota miguu. Walilima shamba kidogo kuliko lile lililoandikwa. Walichelewa kupanda pamba juu walitangulia kupanda chakula cha watoto. Wengine walihama, wakaingia porini mbali na moniteri. Maripoti ya wakoloni yanarudilia neno lile lile kila mwaka: wavivu, wavivu, wavivu.

Walikuwa wavivu? Pamba ile ilinunuliwa na kampuni moja tu mu kila eneo, kwa bei iliyopangwa na serikali. Mkulima hakuweza kuipeleka kwa mnunuzi mwingine, na hakuweza kuila ikibaki. Mvua ikiharibu, hasara ni yake. Bei ikipanda Ulaya, faida si yake. Yule yule mtu aliyeitwa mvivu mu shamba la pamba alikuwa anaamka mapema kulima mihogo, mahindi na ndizi zake bila moniteri. Yeye alijua mavuno yanaenda ku tumbo la nani. Kumwita mvivu ilikuwa njia rahisi ya kutojibu swali: fungu lake liko wapi?

Halafu uhuru ulikuja, na miaka ya 1970 Mobutu akatuletea salongo. Neno lilikuwa zuri: kazi ya pamoja, ya kujenga inchi. Wazee wetu wanakumbuka siku za kufagia barabara na kulima shamba la shefu. Salongo ilichukua ubaya wa pande mbili. Ya kamba: watu mia moja, hakuna anayejua jembe la nani limechimba nini, unakuja kusudi uonekane, unasimama na mupanga mkononi. Na ya pamba: faida haieleweki ni ya nani. Matokeo munayajua mupaka leo. Mtu anakimbia salongo, anafungua duka kwa mlango wa nyuma, ao anatuma mtoto mdogo na jembe bila mpini.

Sasa niwapeleke fasi ingine ambako uvivu ni shida kwelikweli na umepata dawa: likelemba. Wengi tunaijua ya franka, watu wanachanga, kila mwezi mmoja anakamata. Lakini mu vijiji vyetu kuko pia ile ya jembe. Wamama wanane ao kumi wanasikilizana. Leo wanalima kwa huyu, kesho kwa ule, mupaka wote wafikiwe.

Nilikuwa natembelea shamba la mama mmoja wa vile, nikamukuta na kundi lake. Walikuwa wamegawa shamba kwa mistari, kila mmoja na mstari wake kutoka chini mpaka juu ya kilima. Hakuna kamba ya pamoja. Ukisimama pembeni unaona wazi nani amefika wapi. Nikamuuliza kwa kucheka: “Mama, na kama mmoja anakuwa mvivu?”

Akasimamisha jembe. “Agronome wangu, utavivuka namna gani? Kesho tuko kwako. Vile ulilima kwangu, njo vile nitalima kwako.”

“Na akiendelea?”

“Tunaenda kwake ku nyumba kwanza. Pengine anagonjwa, pengine bwana anamukataza. Mtu hakatae jembe bila sababu. Kama sababu hakuna, mzunguko ukiisha hatumuite tena.”

Muone ile mpango. Mstari wako unaonekana, na siku yako inakuja. Ringelmann alikuwa na kamba bila mistari. Leplae alikuwa na mistari bila siku yako. Salongo haikuwa na moja wala nyingine. Wale wamama wako na zote mbili, na juu ya zote wako na kitu cha tatu ambacho mimi sikuwa nimefanya hata mara moja: mbele ya kumuhukumu mtu, wanaenda kwake kuuliza.

Nilirudi na aibu kidogo. Siku ya kazi iliyofuata nikawaambia wenzangu tugawe mashamba. Kila mtu achukue yake, fishi ziandikwe jina la aliyejaza, na Ijumaa tuzihesabu pamoja mbele ya wote. Walikubali. Kolege wa tano pia alikubali, bila furaha.

Ijumaa ya kwanza tukahesabu. Yeye alikuwa na fishi chache kuliko wote, na hiyo ilikuwa wazi. Lakini ya pili kutoka chini ilikuwa ya mimi. Mimi niliyekuwa nasema najaza ya watu wawili! Kumbe miezi yote niliyokuwa nalalamika, nilikuwa natumia saa nzima kulalamika, na nilikuwa najipimisha na yeye tu. Ukijipimisha na mtu aliyelala, hata kukaa kitako kunaonekana ni kazi. Wenzangu hawakusema kitu. Walinitazama tu, ikatosha.

Kisha nikafanya kile wamama wanafanya. Nikamufuata Jumamosi kwake, nikamwambia: “Yaya, sikuje kukugombeza. Kuko nini?”

Alinyamaza kwanza. Halafu akasema: “Nyinyi wanne munakamata prime. Mimi walinambia nianze kama volontere, kontra itakuja kisha miezi mitatu. Ni mwezi wa nane. Wananipatia transporte tu. Nitakimbia vile nyinyi munakimbia juu ya nini?”

Sikuwa najua. Hakuna mmoja wetu aliyejua, juu hatukuwa tumeuliza. Nilimuita mvivu miezi nane, sawa na zile ripoti za pamba, na swali lilikuwa lile lile: fungu lake liko wapi?

Sitawadanganya kwamba yote yalipona. Tulienda wote watano kwa mkubwa wetu wa kazi. Akajibu bajeti imefungwa mpaka mwisho wa msimu. Basi sisi wenyewe tukapanga tuliloweza: yeye akapewa mashamba yaliyo karibu na kwake, kusudi transporte yake isiishe njiani, na jaribio la maharagi likaandikwa kwa jina lake peke yake mu ripoti, kusudi akienda kutafuta kazi fasi ingine awe na kitu cha kuonyesha. Fishi zake zilipanda. Hazikufika ku zetu, na juma moja alilala tena chini ya avoka yake. Lakini lile jaribio la maharagi lilifanywa vizuri kuliko yote ya msimu ule, na nasema hivyo nikiwa mimi niliyekagua hesabu zake. Msimu ulipoisha aliondoka, kontra haikuja. Ilikuwa haki yake kuondoka.

Ndugu zangu, sisemi wavivu hawako. Wako, na wale wamama wanajua kuwaacha mzunguko ukiisha. Mtu aliye na mstari wake, na siku yake inafika, mukamuuliza kwake na hakuna sababu, na bado anajiacha abebwe na kinu, huyo muachane naye bila kumutukana. Lakini ile ni hatua ya mwisho, na sisi wasomi tunapenda kuanza nayo.

Mbele ya kuandika jina la kolege kwa mkubwa, muulize mambo matatu. Kazi yake inaonekana kivyake, ao imefichwa mu bahasha moja? Akifanya vizuri, anapata nini ambacho hawezi kupata akilala? Na kuko mmoja wenu aliyekwenda kwake kuuliza? Ongeza la nne ambalo liliniuma mimi: fishi zako wewe ni ngapi?

Sisi maagronome, tunarithi pande zote mbili. Tunaweza kuwa watu wa kupima kamba, ao watu wa kupita na kijiti na kuandika “mvivu” mu kitabu. Babu zetu waliandikwa mu kile kitabu. Tusiendelee kukijaza.